Mwalimu Aliyeitwa Palmer

Hakuna aliyesoma Kiingereza kwa yule Mwalimu, pale Ibra, Oman, akaondoka bila ya kujua kwamba Smith ni mhunzi. Ndivyo alivyouanza kila mwaka wa skuli. Siku ya kwanza hakufungua kitabu. Aliandika ubaoni majina matano ya ukoo ya Kiingereza, akajifuta chaki kwa leso, akatugeukia.

"Hawa ni nani?"

Tulidhani anatuuliza habari za wafalme. Basi akaanza kutueleza mmoja mmoja. Smith mhunzi. Taylor mshonaji. Cooper fundi wa mapipa. Fletcher mtu wa kutengeneza mishale. Hill ni mtu aliyekaa kilimani, basi, hana zaidi.

"Mwingereza zamani alikuwa na jina moja tu, kama punda wa shamba," alisema. "Watu walipozidi, wakaitana kwa kazi zao. Kazi zikafa, majina yakabaki. Leo Smith hajui hata nyundo inashikwa upande gani."

Kila mwaka hakukosekana mmoja wa kuuliza, "Na Palmer, Mwalimu?"

"Hilo la mwisho wa mwaka," alijibu, akatuamuru tufungue madaftari.

Palmer lilikuwa jina lake mwenyewe. Na hilo ndilo lililotushangaza, kwa sababu yule bwana alikuwa mtu wetu kwa kila kitu unachoweza kukiona na kukisikia. Sura yake ni ya mababu zetu, pua ile ile, ndevu zile zile. Alivaa dishdasha, kanzu ya Kiomani, na kofia iliyotariziwa Unguja. Kiswahili chake kilikuwa cha Mjini, cha kabla ya mapinduzi, safi kuliko chetu sote. Lakini mkataba wake wa kazi ulisema ni Mwingereza, kadi yake ya ukaazi ilisema ni Mwingereza, na kila baada ya miaka miwili alipanga foleni pamoja na wageni kuomba ruhusa ya kuendelea kukaa katika mji uliozaa ukoo wake.

Hapa inanibidi nieleze jambo, kwa faida ya msomaji asiyetujua. Kwetu Oman mtu ana jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha la kabila. Hilo la kabila ndilo linalomfanya awe mtu. Sisi tuliorudi kutoka Unguja, tulirudi na makaratasi ya kila namna, wengine bila karatasi kabisa. Kwa hiyo ilikuwa lazima mtu aende kwenye sabla, ule ukumbi wa wazee wa kabila, na asimame mwanamume wa kabila hilo aseme, "Huyu namjua, ni mtoto wa fulani, ni wetu." Sheikh akiridhika, huandika barua. Kwa barua ile unakuwa Muomani. Bila yake wewe ni mtu wa foleni.

Mimi nilirudi nina umri wa miaka kumi na miwili, na mama yangu na baba yangu na masanduku mawili. Leo nina diploma ya upimaji ardhi, nimeipata kwa jasho langu, na sikumpigia mtu magoti. Nilianza kwa kubeba fimbo za wapimaji juani. Sasa wapo wanaobeba zangu. Ukitoka Ibra kwenda Sur, mawe ya mipaka utakayoyaona kando ya barabara, mengi nimeyapanda mimi. Nyumba yangu ina ghorofa mbili na majlis ya kupokea wageni, inayokaa watu arubaini. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Mwalimu mwenyewe alipenda niyaseme. Alikuwa akinitambulisha kwa watu, "Huyu mwanafunzi wangu, ana diploma," kana kwamba diploma ni ugonjwa nadra nilioupona.

Alikuwa mtu wa mambo yanayopingana. Alitukataza kuchanganya Kiarabu ndani ya Kiswahili. Mtu akisema "khalas" badala ya "basi" darasani, alimsimamisha amalize sentensi nzima kwa lugha moja. Lakini yeye mwenyewe akihesabu, alihesabu kwa Kiingereza, na akikasirika alitukana kwa Kiarabu cha madereva wa malori. Chai yake ilikuwa na maziwa, ya Kiingereza, katika kikombe chenye sahani. Pembeni yake mkate wa kumimina, aliokuwa akiupika mwenyewe siku za Ijumaa, na hakuna mwanamke wa Ibra aliyeweza kuukosoa. Hakuoa. Ukimuuliza kwa nini, alijibu, "Nitamwandika kwa jina gani?" Tukacheka sote. Yeye hakucheka, lakini hilo sikuliona wakati ule. Niliyaona mengine.

Niliona, kwa mfano, alivyokuwa kwenye shamba la babu yake. Shamba lipo, kaskazini ya mji, mitende yake mirefu, maji ya mfereji wa falaji yanapita ukingoni mwake. Wanalo jamaa wa mbali, nao si watu wabaya. Kila msimu wa kuvuna tende Mwalimu alikwenda kuangalia. Alisimama ng'ambo ya mfereji, mikono nyuma, viatu vyake vikigusa ukingo wa saruji. Wale jamaa walimpungia.

"Karibu, Mwalimu! Vuka, uonje tende za khalasi!"

"Ahsante. Nimeshakula."

Siku moja nilikuwa naye, na nilikuwa na njaa. Nikamwambia, "Mwalimu, tende zenyewe za babu yako, na watu wanakuita."

"Wananiita kama mgeni," alisema. "Mgeni akivuka hapa, atavuka kama mgeni mpaka afe."

Tukarudi garini bila kuonja hata moja.

Kuhusu jina lile alikuwa na maelezo mengi, na hakuna mawili yaliyolingana. Ukimuuliza amelipata wapi, jibu lilitegemea siku. Mara alisema alifunga macho akaweka kidole juu ya kitabu cha simu cha London. Mara alisema aliandika barua kumi za kuomba kazi kwa jina lake la Kiarabu, hakujibiwa hata moja, akaandika ya kumi na moja kwa jina la Kiingereza akajibiwa kesho yake. Mara alisema alishinda jina hilo kwenye karata. Wazee wa kabila wao walikuwa na maelezo yao, mafupi: aliuza jina la baba yake ili apate chakula. Sheikh wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa mkali. Mwalimu aliporudi miaka ya sabini alimwendea kuomba barua. Sheikh alimwambia, "Simama mbele ya watu useme kwamba lile jina ni la uongo na unalijutia. Kisha kaa, tukuandike." Mwalimu alisimama akaenda zake. Sote tulilichukua jambo hilo kuwa ni kiburi tu.

Lakini maana ya jina aliijua, na mwisho wa mwaka alitueleza kama alivyoahidi. Palmer, alisema, zamani alikuwa mtu aliyekwenda kuhiji Bait al-Maqdis, Yerusalemu, kwa miguu, akarudi kwao Uingereza na kuti la mtende mkononi, ili watu wajue kwamba kweli amefika. Kwao mtende haukuwepo. Kuti kavu lilikuwa kama cheti. Watu wakamwita kwa kuti lake, na watoto wake wakaitwa hivyo hivyo, na wajukuu, ambao hawakuhiji popote wala hawajawahi kuuona mtende.

Darasa zima likacheka. Sisi tuliozungukwa na mitende mpaka madirishani!

"Basi Ibra yote ni akina Palmer!" alisema mmoja wetu.

"Ibra yote," alisema Mwalimu, "isipokuwa mimi ndiye mwenye karatasi."

Na akina Palmer ni wengi. Alikuwa na kurasa tatu alizozichana kwenye kitabu cha simu cha Uingereza, amezikunja ndani ya kamusi, safu juu ya safu za Palmer, na herufi za mwanzo tu mbele yao. Akikaa peke yake barazani alizisoma kama mtu anayesoma gazeti la vifo. Zilipokuja simu za kisasa, mimi ndiye niliyemwonyesha, maana mambo hayo nayaweza. Nilimtafutia Palmer wa Marekani, wa Australia, wa Afrika Kusini. Madaktari, wacheza kriketi, wauza nyumba. Kila nikisogeza kidole wanakuja wengine. Tukafika Jamaica, na picha zikageuka kuwa za watu weusi.

"Hawa je?" niliuliza.

"Hawa walipewa na waliowamiliki. Hawakuulizwa." Aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo sikulifuatilia. "Mimi niliulizwa."

Safari moja nilimpeleka Al Hamra. Nilikuwa na kazi ya kupima mipaka chini ya Jabal Shams, na yeye alipenda kuziangalia zile nyumba kongwe za udongo. Tukakuta kundi la watalii, wazee wa Kiingereza, na mwenyeji wao anawaita kwa majina waingie kwenye nyumba ya makumbusho. Akaita, "Bwana Palmer!" Mwalimu akageuka. Na mzee mmoja mwekundu, mwenye kofia ya majani, naye akageuka.

Mwalimu akamwendea, akampa mkono. "Na mimi ni Palmer."

Yule Mwingereza akacheka, akaitazama dishdasha yake, akacheka zaidi. Mwalimu akatoa kadi yake. Yule akaisoma mara mbili.

"Palmer wa wapi, nyinyi?"

"Wa Leeds. Na nyinyi?"

"Sisi wa kusini. Hatuhusiani, nadhani."

"Hapana," alisema Mwalimu. "Hatuhusiani na mtu."

Akamuuliza kama anajua maana ya jina. Yule mzee hakujua. Alidhani labda mababu zake walikuwa wakulima. Mwalimu akamweleza yote, juu ya mahujaji na kuti la mtende, pale pale juani, na wenzake wakasimama kusikiliza, na mwisho wakampigia makofi. Njia nzima ya kurudi Nizwa alikuwa na furaha. Tulipofika Nizwa tukanywa kahawa na halua sokoni, nikamwambia, "Mwalimu, leo umekutana na ndugu."

Furaha ikamtoka usoni kama taa iliyozimwa. "Mtu kapata jina bure kwa baba yake," alisema, "na hajawahi hata kuliuliza linasema nini."

Sasa nitasema juu ya zawadi.

Alipofika umri wa kustaafu, skuli ilimfanyia sherehe. Mimi nilikuwa nimeshasimama kimaisha, na wanafunzi wa zamani walinichagua niseme kwa niaba yao, na kwa haki, kwa sababu hakuna mwengine mwenye ulimi wangu. Wiki moja kabla ya sherehe Mwalimu alinijia ofisini. Alikaa kitini upande wa wateja.

"Mwanangu, mkataba ukimalizika, na ukaazi wangu unamalizika. Kuna chuo kidogo cha Kiingereza kitanichukua, lakini hakitonichukua milele. Baba yako aliwahi kukueleza habari zangu?"

Baba alikuwa ameshafariki. Na ndiyo, alinieleza, tena siku za mwisho wake, hospitali, akiwa na akili zake zote: kwamba baba yake Mwalimu na babu yangu walikuwa watoto wa ndugu wawili, walitoka Ibra pamoja, na Unguja walikaa nyumba moja mtaa wa Malindi. Nikamwambia hivyo.

"Basi wewe ndiye pekee uliyebaki unayeweza kusema; wale wa shambani hawakumjua baba yangu," alisema. "Nenda sabla ukaseme hayo, maneno hayo hayo. Mimi nikisema naonekana naomba. Wewe ukisema ni ushahidi."

"Insha'Allah, Mwalimu. Wiki ijayo."

Sikwenda wiki ijayo. Nilijiambia nina kazi Jalan Bani Bu Ali. Ukweli ni huu: barua yetu sisi wenyewe, ya baba yangu na yangu, ilisimama juu ya maneno ya mzee mmoja tu aliyekwisha kufa. Kulikuwa na watu pale sabla waliokuwa wakinong'ona tangu zamani kwamba mzee yule alikuwa haoni vizuri na alimshuhudia kila aliyemsalimia kwa adabu. Nilihofia kwamba siku nitakayosimama kumshuhudia mtu aliyekataliwa, mtu atauliza, "Na wewe ulishuhudiwa na nani?" Nilikuwa na ofisi, nilikuwa na watoto wa kuoza. Nilinyamaza.

Badala yake nikafanya utafiti. Nikakusanya kila kilichoandikwa juu ya jina Palmer, asili yake, maana yake, nchi linakopatikana leo, nikaviandika kwa hati ya dhahabu, nikaweka na nembo yenye makuti mawili, nikatia kwenye fremu ya mbao kubwa kuliko mlango wa kabati. Siku ya sherehe niliisoma yote mbele ya watu. Niliisoma vizuri. Watu walisimama kupiga makofi, na mkuu wa skuli alinishika mkono akasema hajapata kuona zawadi ya elimu kama ile.

Mwalimu aliipokea kwa mikono miwili. Akaisoma mwenyewe tangu juu mpaka chini, ukumbi mzima ukimsubiri. Kisha akaniambia taratibu, kwa Kiswahili, "Kazi nzuri. Umeacha mstari mmoja."

"Mstari gani, Mwalimu?"

"Wapo wa zamani waliotofautisha. Hujaji wa kawaida alikuwa na kwao, akimaliza safari anarudi. Palmer hakuwa na kwao. Alizunguka tu, kutoka ziara moja mpaka nyengine, na kuti lake, mpaka akafa njiani."

Nikamwambia nitauongeza. Alisema hakuna haja, nafasi imekwisha.

Miaka ikapita. Kile chuo kidogo kilimchukua kweli, akafundisha mpaka mgongo ukapinda. Tukionana, alinisalimia kwa furaha ile ile, sikumwona na kinyongo hata siku moja. Nikimwamkia shikamoo anaitika marahaba, anauliza watoto, anauliza mawe ya mipaka. Hakunikumbusha. Mimi ndiye niliyekuwa nikijikumbusha, na kila nikijikumbusha nilikuwa na kazi mahali.

Kisha chuo kikafungwa. Ukaazi wake ukabakiwa na miezi miwili. Na sheikh wa zamani alikuwa ameshakufa, amekaa mwanawe, mtu mpole, aliyesoma kwa Mwalimu darasa moja nyuma yangu. Yeye mwenyewe ndiye aliyenipigia simu.

"Mlete asubuhi. Nataka tulimalize jambo hili la aibu."

Nikampeleka. Alivaa bisht, joho la kuazima, juu ya dishdasha, na bakora ya kuazima. Sabla ilikuwa na watu kama ishirini, wengi wao wazee. Tukakaribishwa, tukala tende, ikapitishwa kahawa. Sheikh akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe umetufundisha nusu ya tuliokaa hapa. Hatutaki uondoke. Baba yangu alikupa sharti, nami naliona jepesi. Sema tu kwamba lile jina lilikuwa uongo wa shida. Basi, inatosha. Kalamu iko hapa."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Nilidhani atasema. Nilitamani aseme, maana angesema mimi ningesalimika.

"Sheikh, si uongo," alisema.

Mzee mmoja pembeni, mwenye sauti ya kukwaruza, akadakia. "Astaghfirullah! Mtu kujinasibisha na asiye baba yake, na bado anasema si uongo?"

"Baba yangu namjua, mzee wangu. Sikupata kusema nina baba mwengine." Kisha akawageukia wote, kama darasani. "Nilifika Leeds nina miaka kumi na tisa na kifua kibovu. Niliugua katika nyumba ya mwanamke mjane niliyekuwa nimepanga chumba kwake. Miezi mitano aliniosha yeye. Alinilisha kwa kijiko. Alikuwa na mtoto mmoja, alikufa vitani. Nilipopona akaniuliza kama nitaona vibaya kulichukua jina la nyumba ile, kwa sababu yeye akifa hakuna tena wa kulibeba. Aliniuliza, hakunilazimisha. Nikasema sitoona vibaya. Alipokufa nilimzika mimi. Wakaniuliza kaburini, wewe ni nani wake? Nikajibu, mtoto wake. Sasa mnanitaka niseme nilidanganya juu ya kaburi la mtu. Siwezi."

Yule mzee wa sauti ya kukwaruza aliangalia mkeka.

Basi kumbe jina halikutoka kwenye kitabu cha simu, wala kwenye karata. Miaka hamsini alikuwa akitupa vichekesho ili tusiliguse hilo.

Sheikh alivuta pumzi. "Sawa. Sitokulazimisha. Bado iko njia moja. Akisimama mtu wetu hapa, akasema anamjua baba yake Mwalimu na ukoo wake, nitaandika, na jina la kizungu litakaa lilipo, na lawama nitaibeba mimi." Akatazama huku na huku, akaishia kwangu. "Nani anajua?"

Mtu wa kupitisha dele la kahawa alikuwa amefika mbele yangu. Nilikuwa na kikombe mkononi. Maneno yote ya baba yangu yalikuwa kichwani, yamepangwa, nyumba ya Malindi, ndugu wawili, majina. Upande wa pili niliwaona wawili kati ya wale wanaonong'ona, wananitazama mimi, si Mwalimu.

Nikakitikisa kikombe, kuonyesha kwamba nimetosheka na kahawa. Yule mtu akapita. Na nafasi nayo ikapita.

"Basi," alisema sheikh.

Mwalimu akasimama mwenyewe, bila kushikwa mkono. Akaaga kila mtu, mmoja mmoja, kwa jina la baba yake na babu yake, hakukosea hata moja. Tukaingia garini, nikamrudisha mpaka kwake. Nikamwambia, "Mwalimu, wiki ijayo nitarudi kwa sheikh peke yangu, faragha, nimweleze."

"Wiki ijayo nina safari, mwanangu." Akafungua mlango. Akageuka. "Watoto wako usiache kuwafundisha Kiswahili. Wanachanganya sana."

Sikumwona tena. Sikurudi kwa sheikh peke yangu, wala faragha.

Simu ilinikuta kazini, upande wa Jalan Bani Bu Ali, jua la saa nane, nimesimama kwenye changarawe na kipimo mbele yangu. Namba ndefu ya nje. Mwanamke, sauti ya adabu, akajitambulisha kuwa ni mfanyakazi wa baraza la mji huko Uingereza. Akaniuliza kama namfahamu Bwana Palmer. Akaniambia amefariki katika nyumba ya wazee, siku tatu zilizopita, kwa utulivu. Karatasi zake zina nafasi ya kuandika jamaa, nayo ameiacha tupu. Katika vitu vyake wamekuta namba moja tu ya simu, yangu, na mbele yake neno "mwanafunzi".

"Samahani kukuuliza," alisema. "Hapana kitu kinachoonyesha dini yake. Tusipopata jamaa, itatubidi tumchome, ndio utaratibu. Wewe una uhusiano naye wowote?"

Wapimaji wangu walikuwa wamesimama mbali, wananisubiri niwape ishara. Hakukuwa na sabla pale, wala wazee. Hakuna aliyekuwa akinitazama.

"Ndiyo," nilisema. "Ni baba yangu mdogo. Baba yake na babu yangu ni watoto wa ndugu wawili. Ni Muislamu. Msimchome, tafadhali. Azikwe."

"Ahsante. Una karatasi yoyote ya kuthibitisha? Barua, chochote?"

"Karatasi haipo," nilimwambia. "Ilikuwa ipatikane kwa maneno yangu, na mimi sikuyasema."

Nadhani hakunielewa, au alinielewa zaidi ya nilivyotaka. Kisha akasema basi nimtajie jina lake kamili, yeye ataandika kwamba nimesema mimi, na atajaribu.

Nikaanza. Jina alilopewa na baba yake, ambalo sikuwahi kumwita nalo. La baba yake. La babu yake. Nilisikia vidole vyake vikigonga mashine. Nilipofika kwenye kabila, akaniomba nirudie, hakulisikia vizuri. Nikalirudia kwa sauti kubwa, mpaka wapimaji wangu wakageuka kuniangalia.